Dumu la Dawa na Sufuria la Mtori

Mimi sikatai dawa, nakataa kuteswa. Nilimwambia hivyo nesi wa hospitali kubwa ya mjini, na ukiniuliza leo nakujibu vilevile.

Zilikuwa nyakati za ruksa, biashara imefunguliwa, maduka ya Arusha yamejaa vitu, hospitali nazo zinaleta mashine mpya. Mimi nikienda chooni naona damu. Daktari akasema watapitisha kamera kwa nyuma waangalie utumbo, ila kwanza uwe mtupu kabisa. Unakunywa dumu zima la dawa ya kuharisha, jioni moja.

Mara ya kwanza nilishindwa. Dawa ina chumvi, halafu vuguvugu, utadhani maji yaliyofuliwa soksi! Nikatapika nusu. Na huku kwetu Nkoaranga mtu akiumwa, akina mama wanamletea mtori, ndizi zimepondwa na nyama, na usipokula umewadharau. Nikala. Bakuli likaisha, nikaongezwa.

Kamera ikaingia, ikakuta ndizi. Daktari akaitoa. "Bibi, humu ndani kuna shamba!"

Nikarudi nyumbani na damu yangu.

Siku ya kupangiwa tena, nesi akanipa dumu lilelile. "Shikamoo bibi. Safari hii unywe yote, usilete ubishi."

"Marahaba. Ubishi ninao. Kwani nikinywa nusu jioni na nusu alfajiri, kamera itanuna?"

"Utaratibu ni jioni, bibi."

"Basi huo utaratibu uje uinywe wenyewe!"

Daktari akasikia kicheko cha wagonjwa, akatoka. Nikamuuliza yeye. Akawaza kidogo. "Inawezekana, ilimradi umalize mapema kabla hujaja, na baada ya hapo usiguse hata maji." Na limao je? Ruksa. Dawa iwe baridi? Ruksa. Chai? Ya rangi tu, tone la maziwa marufuku. Kwetu chai bila maziwa unampa mtu usiyempenda, lakini nikakubali.

Nikalitumbukiza dumu kwenye mfereji unaoshuka mlimani, maji yale yanauma meno. Nikanywa kwa mrija ili ulimi usionje sana, kikombe, nalamba limao, nazunguka migomba, kikombe kingine. Choo nilikiona mara nyingi jioni ile kuliko nilivyomwona mume wangu!

Wifi yangu akatokea na wenzake, sufuria kichwani.

"Wifi, kula kidogo, utakufa na njaa."

"Sili."

"Umekuwa mzungu siku hizi?"

"Mzungu gani? Huo mtori ndio ulionirudisha mara ile. Ukae mbali na mdomo wangu."

"Makubwa! Mtori wa mama yako ungeukataa?"

"Hata angefufuka akaupika yeye."

Wakakasirika, wakaondoka wakinisema mpaka barabarani. Waseme. Alfajiri nikamaliza nusu iliyobaki, na sikutapika hata kidogo. Nilichotoa mwishoni kilikuwa maji tu, ya njano, unaona mpaka chini.

Hospitali daktari akaangalia utumbo mpaka mwisho wake. Kulikuwa na kinyama kimeota, ndicho kinachotoa damu. Akakikata palepale. Akaniambia kingeachwa kingeweza kugeuka saratani.

Nesi akaja kunifunika shuka. Nikamshika mkono. "Mwanangu, ungenilazimisha ile jioni moja, ningetapika tena, nikaenda kuzikwa nacho."

Akamalizia kunifunika. Halafu akauliza, "Bibi, lile limao unalamba kabla au baada?"

"Baada! Na mgonjwa akibisha, msikilize kwanza."