Mkungu wa Ndizi Uliokosa Mnunuzi

Jumapili tulihubiriwa jinsi Yesu alivyomponya mwenye pepo. Baada ya ibada, mzee wa kanisa alinadi sadaka za mazao uwanjani. Jogoo aliyeletwa kutoka kijiji cha Olmotonyi aligombewa na wenye maduka ya mjini hadi akafikia bei ya mbuzi. Kisha ukainuliwa mkungu wa ndizi. Hakuna aliyetaja bei.

"Ni za yule mama aliyetoka wodi ya vichaa," mwanakwaya mmoja alininong'oneza.

"Kwani ndizi nazo zililazwa?"

"Kaka, ni tahadhari tu."

Mwenye ndizi akasogea, akazinunua mwenyewe, akajitwika, akaondoka. Mzee wa kanisa akaitia noti ya yule mama kapuni. "Bwana asifiwe!"

Nilingoja mtu aiogope na noti. Wakaitikia, "Amina!"