Kalista na Mashine ya Upepo

Mwaka 1974, dizeli ilipoadimika, Kalista aliapa kwamba pipa lake moja litatosha mpaka lori lirudi kutoka Mbeya. Yeye ndiye aliyetunza stoo ya dawa za mifugo kule Usangu, na dawa zile hazikutaka kabisa joto la mbuga ile. Kiyoyozi kilikuwepo, jenereta ilikuwepo; ubaya ulikuwa kwenye jina. Watu walikiita mashine ya upepo, na kwa kuwa upepo lazima upite, waliacha madirisha na mlango wazi. Basi dizeli ikawa inaungua kuipoza Usangu nzima!

Kalista alikuwa mzaliwa wa Kihesa, Iringa, ambako mwezi wa Juni, kwa ile baridi, ukisahau mlango wazi nyumba nzima inakupigia kelele. Alijiambia kwamba kinachozuia joto la jikoni lisitoke kitazuia na baridi ya mashine isitoke. Akafunga madirisha, akaziba nyufa kwa udongo, akatandaza nyasi juu ya bati, akasafisha chujio la mashine lililojaa vumbi. Jenereta iliyokuwa ikinguruma kutwa ikaanza kupumzika.

Lakini mlango ulimtia matatani. Mzee Nkuba, mfugaji aliyehamia huko na ng'ombe wake kutoka Usukumani, aliukuta umefungwa, akawaka.

"Binti, mimi mwizi? Kwetu mgeni hafungiwi mlango!"

Kalista alitoka mbio, akaurudishia nyuma yake, akapiga goti na kumwamkia Kisukuma. "Mwadila, baba. Sijakufungia wewe, nimelifungia joto. Likiingia, dawa ya ng'ombe wako inaharibika."

Akamwekea kigoda kivulini. Tangu siku hiyo salamu zote, hata zile ndefu za Kisukuma, zilimalizwa nje.

Ndigana, ule ugonjwa wa ng'ombe uletwao na kupe, ilipozuka, lori lilikuwa bado halijarudi. Nkuba alikuja akitweta. Ng'ombe wake wa maziwa walikuwa wamelala chini, hawawezi kusimama. Kalista alimwekea chupa kiganjani. Ilikuwa baridi. Mzee aliishika kwa mikono miwili, akakimbia nayo zizini.

Lori lilipofika, dereva aligonga pipa, akashangaa kukuta bado lina kitu. Kalista alijifanya hajali, kumbe kichwa kimemvimba, na kwa haki yake! Jioni alikwenda mtoni kuwatazama wale ng'ombe wakinywa maji. Nkuba alipomwona, aliwaita majirani, akamwonyesha kwa fimbo.

"Mwenye ng'ombe ni huyu," alisema. "Mimi nachunga tu."