Anselmi Alikataa Kahawa Yangu

Mwaka wa vita vile vya kwanza na majirani zetu wa ng'ambo ya mto nilikuwa na miaka kumi na minne. Kaka yangu Anselmi alikwenda, hakurudi. Baba akapooza upande mmoja, mimi nikaacha darasa la nne nikashika jembe. Shida zangu zilianza hapo, na masomo yangu yaliishia hapo hapo. Nayasema haya mapema ili msomi yeyote asinisumbue.

Usiku ule, miaka mingi baadaye, Anselmi alipokuja nilikuwa nimelala na hasira. Mchana kutwa niligombana na mwanangu Deusi, ambaye ni diwani. Alikuja na gari la watu, suruali imenyooshwa, kuniambia kwamba kesho kuna mkutano uwanja wa kata. Nipande jukwaani kama ndugu wa shujaa, niseme Anselmi angekuwa hai angeunga mkono tuvuke mto tukawapige majirani zetu.

"Kwa sababu gani?" nikamuuliza.

"Wameiba ng'ombe, Tata."

"Juzi redioni mlisema wamehamisha mawe ya mpaka."

"Na hilo pia lipo."

"Na jana mbunge wako kasema tunakwenda kuwakomboa kutoka kwa mtawala wao. Sasa majirani hao ni wezi wako au ni watu wa kuhurumiwa?"

"Tata, wewe siasa huijui."

"Siijui. Ndiyo maana nikiuliza sababu nataka moja."

Akaniambia uzee umenitia woga. Nikamwambia aende akalale chumba cha wageni kabla sijamtoa nje na udiwani wake. Lakini moyoni sikuwa nimekata shauri. Ng'ombe waliibiwa kweli, wengine walikuwa wa jirani yangu. Na nisipopanda jukwaani, chama chake kitamtupa, na mtoto ni wangu.

Basi nimelala. Anselmi anaingia kwa mlango wa mbele, hakubisha. Hakuvaa sare. Amevaa shati lake la kupalilia, lile lililochanika kwapani, na bado ni kijana yule yule. Mimi mwenye wajukuu nasimama kumpisha kiti.

"Karibu, kaka."

Ananitazama kutoka juu mpaka chini. "Umezeeka vibaya," anasema. "Nilikuacha na kamasi, nakukuta na upara."

Nikacheka. Nikachukua kikapu kidogo cha kahawa za kutafuna. Kwetu mgeni haulizwi neno kabla hajapewa kahawa. Mwenye nyumba anatafuna kwanza, mgeni anaona hakuna sumu, naye anatafuna, ndipo mnazungumza. Nikatafuna yangu, nikamnyooshea kikapu kwa mikono miwili. Anachota punje chache, anaziangalia kiganjani, kisha anazirudisha. Anazirudisha polepole, huku ananitazama machoni.

Kwetu mgeni akikurudishia kahawa, ujue amekuja kwa ugomvi. Damu ikanichemka.

"Nyumba hii nimeijenga mimi," namwambia. "Wewe hukubeba hata tofali. Una neno, liseme."

Mara sakafu imekuwa nyasi, ukuta haupo, tuko uwanja wa kata na watu wamejaa. Mbunge ameshika kipaza sauti. Kila akifumbua mdomo anatoa sababu nyingine, na watu wanazipigia makofi zote, hata zile zinazokanushana. Mama mmoja mbele yangu anamnong'oneza mwenzake, "Mimi ile ya ng'ombe ndiyo niliipenda." Mwenzake anajibu, "Ngoja, huenda akairudia."

Deusi anatangaza ndugu wa shujaa. Nahisi mkono wake mgongoni, unanisukuma juu ya ngazi. Maneno ninayo tayari: Anselmi angekuwa hai. Nafumbua mdomo, sauti inayotoka ni yangu, lakini midomo inayocheza ni ya Anselmi, aliyesimama pembeni yangu amefumba macho. Kuna mtu amemshika kidevu, anakipandisha na kukishusha kwa kila neno. Nikaangalia vidole vile. Ni vyangu.

Nikaachia. Kidevu kikaanguka, kizito, cha baridi. Watu bado wanapiga makofi.

Kisha hakuna watu. Tuko ukingoni mwa mto, maji yanapita bila sauti, na mimi nina miaka kumi na minne, jembe begani. Nikamuuliza lile ambalo sikuwahi kupata wa kumuuliza.

"Kwa nini ulikwenda? Baba alikukataza. Ulituachia njaa."

"Nilipoondoka waliniambia ni mpaka," anasema. "Tulipouvuka mpaka wakasema ni ukombozi. Nilipoanguka sikujua tumefika sababu gani."

"Wewe mwenyewe ulikuwa unakubali?"

"Siku nyingine nilikubali. Siku nyingine nilimtukana kila mtu, na wewe ukiwemo." Ananitazama kama mtu anavyomtazama aliyemkuta shambani kwake usiku. "Hayo ni yangu. Usinisemee."

Ninanyoosha mkono nimshike shati. Ninashika blanketi.

Kulikuwa kumekucha. Deusi alikuwa sebuleni anakunywa chai, amevaa tayari, kofia ya chama iko gotini. Sikunawa hata uso.

"Anselmi amekuja," nikamwambia. "Amesema nisimsemee. Sipandi."

Akaweka kikombe chini. "Tata, unaniangusha kwa ajili ya ndoto?"

"Ng'ombe wameibiwa, sikatai. Ukiona vita ni vya haki, panda useme kwa mdomo wako. Taja sababu moja, usiibadilishe, halafu jiandikishe wewe wa kwanza. Ndugu yangu simtoi."

"Watasema baba wa diwani ni msaliti."

"Waambie baba wa diwani yuko kwake, waje waniambie wenyewe."

Akatoka bila kuaga. Chai yake ilipoa pale mezani, hakuna aliyeimwaga mpaka jioni. Hajakanyaga tena nyumba hii, na salamu anazileta mkewe, za kulazimishwa. Huko dukani wanasema nimemwaibisha mtoto wangu. Waseme. Mimi nasemea vilivyo vyangu tu, na leo ninavyo hivi: nyumba ya matofali ya kuchoma, bati jipya upande wa mbele. Shamba la migomba na mibuni mpaka barabarani. Mashine ya kukoboa kahawa. Ng'ombe wa maziwa na ndama wake. Baiskeli. Mwana mmoja, hanisalimii, yuko hai.