Makande Yaliyovaa Suti

Kwa miaka kumi na moja Benedikta hakumpelekea jirani yake Masuma chakula alichopika. Alipeleka machungwa ya Muheza msimu ulipofika. Alipeleka mayai ya kuku wake, chane za ndizi, nazi zilizofuliwa kutoka Pangani, na mwaka mmoja alipeleka jogoo mzima, hai, amefungwa miguu, akipiga kelele njia nzima. Lakini kitu kilichotoka jikoni mwake hakikuvuka ua ulio kati yao.

Si kwamba walikuwa na ugomvi. Benedikta ni fundi cherehani. Hushona sare za shule barazani kwake, huko Ngamiani mjini Tanga, na uzi wote, vifungo vyote na zipu zote huvinunua kwa Masuma, yaani Mama Imtiaz, na mumewe Aslam, watu wa asili ya Kihindi wenye duka la vifaa vya ushonaji. Duka limeangalia barabara, juu yake wanaishi wenyewe, na nyumba ya Benedikta iko nyuma. Katikati ni ua mmoja wenye mlango wa bati. Asubuhi haipiti bila mmoja kumwuliza mwenzake kalalaje. Sahani za Masuma huja Idi, huja Ramadhani, na huja hata siku isiyo na jina: bajia, tambi, biriani. Na kwa kuwa pwani sahani ya jirani hairudi tupu, Benedikta huirudisha na yale machungwa yake.

Kisa kilikuwa kuku. Krismasi yao ya kwanza hapo, Benedikta alimpika kuku wa nazi, akapakua mapaja yote mawili, akapeleka mwenyewe. Kesho yake Masuma alimshika mkono akamwambia, "Mama Konso, tumelamba mpaka mifupa." Benedikta alitembea na sifa hiyo wiki nzima kama mtu aliyevaa kanga mpya. Ndipo Ernesti, mlinzi wa maduka, alipomwamkia na kumwambia, "Mama, yule kuku wa nazi sijapata kuona. Nilimla mpaka nikamwota."

"Wewe ulimla?"

"Mama Imtiaz alinipa. Kwani nani alimchinja?"

Alimchinja Laurenti, mume wake, kwa mkono wake mwenyewe wa Kikatoliki, pale pale uani, mchana kweupe. Kuku wa namna hiyo haliwi nyumbani kwa Masuma, na kila mtu wa Tanga anajua. Ndiyo maana hata Wakristo wenye wageni humwita jirani Mwislamu ashike kisu. Benedikta hakukasirika kwamba hawakula. Dini ni dini. Kilichomchoma ni ile mifupa iliyolambwa. Angeambiwa tu. Tangu siku hiyo akawa mtu wa machungwa, na hamu yake ikabaki moja, ndogo, ya kitoto kidogo: siku moja watu wa nyumba ile wale alichopika, wakile kweli.

Mwaka huu Kwaresima na Ramadhani ziliingia pamoja, kama wageni wawili waliopanda basi moja. Na mwaka huu Laurenti, aliye fundi bomba na mwenye kuamini kwamba mlo usio na nyama ni kitafunwa, alisimama mbele ya jumuiya akatangaza kwamba nyumbani kwake nyama basi, siku zote arobaini, mpaka Pasaka. Hakuna aliyemwomba. Wiki ya pili ilipofika alikuwa akipita karibu na mbuzi wa watu huku akiwatazama kwa huzuni.

Jumanne ya wiki hiyo binti yao Consolata, yaani Konso, aliye mpishi katika hoteli moja ya ufukweni Pangani, alikuja mapumziko ya siku mbili. Alimkuta baba yake akiusukuma mchicha pembeni ya sahani kama anayepanga mipaka ya shamba.

"Baba, nitakupikia kitu cha Meksiko. Wageni wasiokula nyama wanakiagiza kila siku."

"Meksiko wanakula nini?"

"Mahindi na maharage."

"Hayo si makande?"

"Haya yanapangwa tabaka, baba. Yana jibini juu."

"Ni makande yaliyovaa suti," alisema Laurenti, akarudi kwenye mchicha wake.

Benedikta alicheka, lakini mkono wake ulikuwa umesimama juu ya cherehani. Makande aliyajua. Alizaliwa kambini, kwenye shamba la mkonge, ambako baba yake, mzee Zabron, alifika kutoka Kasulu akiwa kijana na panga lake. Posho ilikuwa mahindi na maharage. Mama yake alipika mahindi na maharage Jumatatu hadi Jumamosi, mpaka watoto wakawa wanajua kwa mlio wa sufuria kama yameiva. Alipoolewa aliapa hatayapika tena. Lakini sasa aliyafikiria upya, moja moja, kama anayechambua punje. Mahindi hayachinjwi. Maharage hayachinjwi. Nyanya haiulizwi nani alishika kisu.

"Konso," alisema, "hicho kitu kinatosha watu wangapi?"

"Ukitaka, kumi."

"Basi kipike cha kumi."

Akaenda sokoni mwenyewe. Alirudi na maharage mekundu na mahindi mabichi ya Lushoto, nyanya, hoho, ndimu, kotimiri, jibini iliyotengenezwa hapa hapa Tanga, na sufuria mpya yenye kifuniko chake, bado inang'aa. Na mwiko mpya. Sufuria zake za zamani zilikuwa zimeona mengi, ikiwa ni pamoja na kitimoto, nyama ya nguruwe, ya Krismasi kumi na moja.

"Sufuria mpya ya nini?" aliuliza Laurenti.

"Ya kupikia."

"Na mimi ninayekaa jikoni humu, utanisugua kwa mchanga?"

"Nimefikiria," alisema Benedikta.

Saa tisa walianza. Konso alikanda unga wa mahindi na wa ngano pamoja, akasukuma chapati nyembamba, akazipitisha kwenye sufuria mpya zikakauka bila mafuta. Mama mtu alishika maharage. Alikaanga kitunguu na vitunguu saumu, akatia bizari nyembamba, nyanya, hoho na pilipili mbuzi moja, akaacha mpaka mafuta yakapanda juu. Kisha akakuna nazi, akakamua tui zito, akalimimina.

"Mama, Meksiko hakuna tui."

"Wamekosa."

Wakapanga: chapati, maharage, mahindi, jibini, chapati tena, maharage tena. Ulikuwa mpangilio wa kushona, Benedikta aliona, kitambaa na bitana yake. Ilipofika kwenye oveni, Konso alikuna kichwa, maana oveni ilikuwa Pangani. Mama yake alimsogeza pembeni kwa kiwiko. Alipunguza moto wa jiko, akateleka, akafunika, akapanga makaa mekundu juu ya kifuniko, kidogo katikati na mengi pembezoni, kama upikwavyo mkate wa kumimina. Baada ya muda harufu ya bizari na jibini ikajaa uani. Laurenti alitoka chumbani akijifanya anatafuta koleo.

Hapo ndipo mlango wa bati ulipogongwa. "Hodi, Mama Konso."

Alikuwa Masuma, na sahani mkononi, imefunikwa kawa. "Sambusa za nyama. Leo nimetia kotimiri nyingi, anavyopenda Baba Konso."

Benedikta alijua la kusema. Aseme: jirani, ahsante, lakini tumefunga nyama mpaka Pasaka. Maneno saba tu. Lakini aliutazama uso wa Masuma, midomo imekauka kwa saumu, mtu aliyesimama mbele ya mafuta ya moto na njaa yake ili jirani apate sambusa. Maneno yakakataa.

"Ahsante, Mama Imtiaz. Mungu awatakabalie funga yenu."

"Amin. Mle zingali za moto."

"Hata moja haitabaki," alisema Benedikta.

Masuma akaondoka. Laurenti akaliacha koleo. "Moja," alisema.

"Laurenti."

"Nusu. Nitakula ganda, nyama nitamwachia Ibilisi."

"Uliapa mbele ya jumuiya."

"Jumuiya iko wapi hapa?"

Benedikta aliona kwamba sahani ile na mume yule haviwezi kukaa nyumba moja. Akaibeba, akazunguka kwa nje mpaka mbele ya maduka, ambako Ernesti alikuwa ndiyo kwanza anaweka benchi lake na rungu lake.

"Wewe unafunga nyama, Ernesti?"

"Mimi Mlutheri, mama. Tunafunga moyo. Tumbo halina hatia."

Akampa. Ernesti alikuwa amekwisha kuinua ya kwanza pale Masuma alipotoka dukani na kufuli mkononi.

Sambusa ya Ernesti ilisimama hewani. Masuma aliitazama sambusa, akaitazama sahani yake, akamtazama jirani yake.

"Kula, Ernesti," alisema hatimaye. "Usiishike kama mshumaa." Kisha akamgeukia Benedikta. "Ni mbaya?"

"Sizijui. Hatuli nyama mpaka Pasaka, Mama Imtiaz. Kwaresima."

"Mbona hukuniambia? Ningetia viazi. Ningetia dengu."

"Niliona umechoka. Niliona nitakuvunja moyo."

Masuma aliligeuza kufuli mkononi. Ernesti aliona ni vizuri akawe upande wa pili wa barabara, akaenda na sahani yake.

"Yule kuku," alisema Masuma.

"Wa nazi."

"Ulijua?"

"Siku zote."

"Nilimwona Baba Konso na kisu pale uani, nikasema Mola wangu, atatuletea. Na ukaja umevaa vizuri, umefurahi. Ningekwambiaje?"

"Kama nilivyokwambia mimi leo," alisema Benedikta. "Hata moja haitabaki."

Na kwa kuwa aliona aibu na wepesi kwa pamoja, alicheka. Masuma naye akaanza kucheka, akijizuia kwa ncha ya mtandio, mtu mwenye njaa hana nguvu za kucheka sana. Kwa Benedikta, hapa ndipo palipokuwa pagumu.

"Leo nimepika mahindi na maharage na jibini. Hamna nyama hata chembe. Mtakula? Niambie kweli."

"Sufuria?" aliuliza Masuma.

Kwa miaka kumi na moja hakuna aliyekuwa amemwuliza Benedikta swali hilo, na alilipokea kama zawadi. "Mpya. Na mwiko mpya. Kisu nimekichemsha."

"Jibini?"

"Ya hapa Tanga. Karatasi yake ninayo, usome mwenyewe."

"Mimi nitakula," alisema Masuma. "Lakini mama yake Aslam unamjua. Bi Khatija haonji cha mtu, hata mimi alinichunguza miaka mitatu. Akikataa, nitakuletea mwenyewe, mkononi, nikwambie amekataa. Sitamwita Ernesti."

"Hilo ndilo ninalotaka."

Benedikta alipakua kabla ya adhana. Tabaka zilikatika vizuri, nyekundu na njano, jibini ikivutika kama uzi. Alitia parachichi pembeni na kukamulia ndimu, akapeleka bakuli hadi mlangoni, akarudi. Adhana ikasikika. Kule ghorofani viti vikaburuzwa, kikombe kikagonga sahani.

Ng'ambo ya ua nao walikaa mezani. Laurenti alionja kwa ncha ya kijiko, uso wa mtu anayesaini asichokisoma. Akaonja tena. Kisha hakuonja, alikula. "Haya makande," alisema, "yamesoma mpaka chuo kikuu." Konso alimtazama mama yake, ambaye alikuwa hajagusa chake.

"Mama, kinapoa."

"Nakula."

Hakula. Alikuwa akisikiliza kule ghorofani. Alijaribu kumwona Bi Khatija, miaka themanini na mitatu, meno manne, akilinusa lile bakuli. Alijiambia akikataa ni haki yake. Wazee wana njia zao. Alijiambia Masuma amekwisha kukubali, inatosha. Haikutosha, naye alijua.

Laurenti alikuwa anakaribia kipande cha tatu hatua ziliposikika kwenye ngazi. Ni hatua nzito, si za Masuma. Zilivuka ua polepole. Benedikta aliweka kijiko chini, akajifuta mikono ingawa ilikuwa mikavu.

Mlangoni alisimama Aslam, mwenye duka, mtu mzima wa miaka hamsini na nane, na bakuli kifuani, kama mtoto aliyetumwa chumvi.

"Shemeji, samahani mnakula."

"Karibu, Baba Imtiaz. Amesemaje?"

"Mama?" Aslam alisita. "Anasema pilipili haitoshi."

"Haitoshi," alirudia Benedikta.

"Anasema na maharage mngeyaponda kidogo zaidi, kwa ajili ya meno yake. Na tui anasema ni la nazi nzuri, mnunue hapo hapo." Alilitazama bakuli lake, ambalo lilikuwa limefutwa hadi likang'aa. "Anauliza kama imebaki. Mimi mwenyewe nilipata kijiko kimoja tu, aliweka mkono juu ya bakuli."

Benedikta aligeuka. Kwenye sufuria kilikuwa kimebaki kipande kimoja, kikubwa, cha pembeni, ambako jibini huganda na kuwa kahawia. Laurenti alikuwa ameivuta sufuria karibu yake, mwiko umekwisha kuingia chini ya kipande.

"Imekwisha," alisema Laurenti.

"Ondoa mkono, Baba Konso," alisema Benedikta, na akapokea bakuli.