Matobo ya Mkate

Baba alipofariki tulimnyang'anya mama jembe. Hiyo ndiyo ilikuwa adabu yetu Njombe: mjane mwenye watoto wakubwa hupumzishwa. Majirani walimlimia viazi, shangazi alimtekea maji, nami nilimpikia. Mama alikaa jikoni kwenye kigoda, blanketi mabegani, akitazama moto. Watu walipita kutusifu kwamba tunajua kutunza mzazi. Nilizipokea sifa hizo kwa mikono miwili, maana nilikuwa nimerudi nyumbani na mtoto mgongoni, mume wangu yuko kwenye mkonge Tanga haonekani, na sifa hazikuwa nyingi upande wangu.

Baridi ya kipupwe ilipoingia, mama alikuwa ameanza kupotea akiwa palepale kwenye kigoda. Alimwita mwanangu kwa jina la kaka yangu. Aliniuliza kama baba amekula, nikamjibu, akauliza tena. Huyu alikuwa mwanamke aliyekuwa akijua mpaka wa kila shamba kuanzia kwetu hadi mtoni, na sasa jirani alimsalimu "kamwene" naye asijue aitikie nini. Niliogopa sana. Usiku nilimsikiliza akipumua.

Kaka yangu mkubwa alikuwa na hoteli ndogo ya chai Makambako, pale malori ya Iringa, Mbeya na Songea yanapokutana. Ni mtu wa kuamua kabla hajakaa. Alikuja, akachuchumaa mbele ya mama, akamuuliza, "Mama, leo ni siku gani?"

Mama akasema siku ni zilezile.

Kaka akanivuta nje. Mama atahamia kwake, nyumba itafungwa, shamba atalishika baba mdogo. Mimi nirudi kwa wakwe zangu. Nikamwambia kwamba mama akitolewa kwenye nyumba ile ndipo atakwisha kabisa. Alisema kwani sasa kimebaki nini. Sijawahi kumchukia mtu wa tumbo moja nami kama nilivyomchukia siku ile.

Tulikwenda Makambako sote. Kaka akampeleka mama hospitali ya Ilembula, wakamsikiliza kifua na kumpima macho, wakasema mwili wake ni mzima. Asubuhi iliyofuata tulikuwa hotelini, upepo wa Makambako ukigonga mabati, kaka akamwekea mama chai na kipande cha mkate ulioletwa na lori kutoka Iringa. Mama hakuula. Aliunyanyua, akaugeuzia mlangoni kwenye mwanga.

"Haya matobo," akasema, "yametobolewa na nani?"

Madereva wakacheka. Kaka akanitazama kwa macho ya unaona sasa. Lakini mimi tangu msiba sikuwa nimemsikia mama akiuliza neno lolote isipokuwa lile la baba amekula, na moyo ulinipiga kwa furaha. Kaka akamjibu kwamba ni hewa. Mama akauliza hewa imeingiaje na mkate una ganda pande zote. Hapo kaka akakumbuka kwamba maji yanachemka, akaenda jikoni.

Siku hiyo mama aligoma kubaki. Alitaka kurudi mahali penye ngano. Kaka alikubali kwa shingo upande, akaniambia tukiwa kando kwamba mvua zikianza atakuja na lori, na safari hiyo hataki kusikia neno.

Nyumbani swali lile halikumtoka. Alimuuliza mchungaji, akamuuliza shangazi, akamuuliza mwalimu wa shule, na kila mmoja alimjibu kama mtu anayempa mgonjwa uji. Mwisho akasema twende Uwemba, kwa kuwa wazungu wa misheni wanaoka. Sisi ni Walutheri, na zama zile Mlutheri hakwenda kwa Wakatoliki hivihivi bila msiba wala harusi. Tulitembea hadi huko. Mpishi wao, mama wa makamo, alimruhusu kuchovya kidole kwenye unga uliokandwa na kuumuka. Mama aliubonyeza, akakiona kishimo kikijifunga taratibu, akabonyeza tena, mpaka nikaona haya. Mpishi akaeleza kwamba hamira hula unga na kupumua, na pumzi hiyo ndiyo matobo. Hamira yao ilikuja kwenye mkebe kutoka mbali. Kabla ya mikebe, alisema, walitumia povu la pombe.

Basi ndipo balaa lilipoanza. Mvua zilianza, mianzi ikachipua, na mama yangu, mwanamke wa kanisa ambaye hakuwahi kuonja ulanzi, pombe ya mianzi hiyo, maishani, akaonekana akitoka kwa mgema na kibuyu kinachotoa povu.

Mara ya kwanza alifanya alivyozoea: alichemsha maji, akaumimina unga wa ngano, akausonga kwa mwiko, akatia ulanzi mwishoni. Tukapata ugali wa ngano unaonuka kilabu. Mwanangu aliutema. Mimi nilicheka hadi nikashika ukuta, lakini mama hakucheka. Alikaa kwenye kigoda chake, na nikadhani amerudi kulekule. Baadaye akasema kwa utulivu, "Mwanangu, nimeiua. Kama inapumua basi ni kitu hai. Nani anaishi kwenye maji yanayochemka?"

Akarudi kwa mgema. Na tena. Akagundua ulanzi wa asubuhi ni mtamu lakini mvivu, uliolala ndio wenye nguvu. Akaanza kuweka unga karibu na moto, akaujaribu chini ya blanketi lake, akaniamuru nisifungue mlango upepo ukivuma. Siku moja nilimkuta anapasua kuni mwenyewe, maana makaa niliyomletea hayakumridhisha. Sikumpokonya shoka.

Kijijini maneno yalisambaa. Wanawake wa kanisa walinijia kwa upole ulionikera, wakasema huzuni imemfikisha mama kwenye pombe, na mzee wa kanisa amesikia. Nikawaeleza habari ya mkate. Walinihurumia na mimi pia.

Habari zilifika Makambako haraka kuliko lori. Kaka alikuja na dereva, akashuka bila kusalimia, akaanza kubeba vitu vya mama: godoro, blanketi, sanduku. Nilisimama mlangoni nikamwambia apite juu yangu. Mama alikuwa jikoni ameinamia chungu kilichofunikwa kwa kigae, makaa juu na makaa chini, na alichosema tu ni kwamba tusipige kelele, mkate utashuka.

Kaka akaingia. Ulanzi ulinuka wazi. Akachuchumaa mbele yake kama mara ile.

"Mama, leo ni siku gani?"

Mama hakuinua macho. "Ulanzi niliuchukua Jumatatu," akasema. "Ukalala. Jana nimeukandia unga, usiku umeumuka. Leo ni Jumatano, nawe umekuja siku mbaya, kwa sababu nusu ya mkate huu nimemwahidi mzee wa kanisa aonje mwenyewe kama unalewesha."

Akafunua. Mkate ulikuwa umeungua chini na umeinama upande mmoja. Aliumega ukiwa wa moto, akaugeuzia mlangoni kwenye mwanga, akamwonyesha kaka matobo. Kaka aliyatazama kwa muda mrefu. Kisha akatoka, na nikasikia godoro likiteremshwa kutoka kwenye lori. Alipoingia tena alikuwa anafuta macho kwa mkono wa koti, akasingizia moshi.

Mama aliishi miaka mingi baada ya hapo, katika nyumba ileile, na hakuacha kuuliza. Baada ya mkate alijifunza kufuma kwa spoku za baiskeli, na akiwa mzee kabisa alitaka kujua kwa nini lori likipanda mlima hulia tofauti na likishuka.

Sasa mimi ndiye mjane. Wanangu ni watoto wema. Wananilimia, wananipikia, wameniletea blanketi zuri. Juzi mkubwa wao alichuchumaa mbele yangu, akaniuliza kwa sauti ya upole leo ni siku gani.

Nikamwambia ni Alhamisi, na anirudishie jembe langu.