Sufuria ya Maharage Kisiwani Aisilandi

Akalla, Stockholm. Safari hii ilianza kwa ubishi, na sioni aibu kusema hivyo. Kiangazi cha mwaka 2011 akina mama wa kanisa letu hapa Stockholm walitaka kusafiri pamoja. Ssalongo, Mganda wa mtaa wa Hallonbergen, akawaahidi meli ya Finland, yenye muziki na chakula cha kujipakulia. Nikasimama pale ukumbini nikawaambia meli ni sebule inayoelea. Mimi nitawapeleka Aisilandi, kisiwa cha mawe na moto, wakaone maji yanayoruka juu kutoka ardhini.

Ssalongo akacheka mpaka akashika kiti. "Mzee wa mafagio, wewe utaongoza nani?"

Ninyi ndugu zangu mlioko nyumbani Rumonge mnanijua. Shule niliiacha darasa la nne nikauza kuni sokoni. Leo nina kampuni yangu ya usafi, magari matatu yenye jina langu ubavuni, na vile vioo vya maofisi ya Kista vinavyowaka jua likichomoza, vingi nimeving'arisha mimi. Mtu wa namna hiyo hashindwi kupanga safari.

Mwamuzi alikuwa Mama Dina wa Upplands Väsby, mwenyekiti wa kikundi, mzaliwa wa Uvira, mwanamke asiyepandisha sauti kwa sababu hajawahi kuhitaji. "Bon," akasema. "Tutaenda kwanza watatu, wewe na bibi yako Spesi na mimi, nione kwa macho yangu. Lakini mimi watu wangu wanakula sufuria moja. Kama kule tutakula mkate baridi, c'est fini, imekwisha, tunapanda meli ya Ssalongo."

Hapo lazima niwaeleze. Kwetu sisi, kikundi kinachosafiri hubeba sufuria yake. Mliokula maharage ya chungu kimoja ndio mliosafiri pamoja. Mliokula kila mtu mkate wake wa kununua, hao ni watu waliokutana njiani tu.

Tukiwa tunafunga mizigo, mke wangu Spesi akauliza, "Na jiko la gesi?"

"La nini? Mimi nimekulia kwenye kuni. Nimeendesha gari mpaka Kiruna: kadiri unavyopanda kaskazini, ndivyo msitu unavyozidi. Aisilandi iko kaskazini. Tutaokota kuni mpaka tuchoke."

Spesi akanitazama jinsi anavyonitazama ninapoegesha gari pasipoegeshwa. Akalirudisha jiko kabatini.

Kutoka uwanja wa ndege wa Keflavik, asubuhi. Nilikodi gari, tukatia hema, maharage ambayo Spesi alikuwa ameyaloweka tangu jana yake, kitunguu, na ndagala, wale samaki wadogo wakavu, waliomfanya afisa wa forodha arudi hatua moja nyuma. Barabara ikatupeleka katikati ya mawe meusi yaliyomwagika kutoka tumboni mwa mlima zamani, yakaganda yakiwa yamekunjamana, na juu yake mimea mifupi laini ya kijani kama zulia. Mama Dina akashusha kioo.

"Nani alilima hapa akaenda zake bila kupanda?"

Spesi akacheka, nami nikacheka zaidi, maana mwamuzi akianza utani ni dalili njema. Tukaona farasi wafupi wenye nywele za kuangukia machoni, tukaona moshi ukitoka ubavuni mwa kilima bila nyumba wala mtu. Kila mahali nilisimamisha gari nikaeleza, na nisichokijua nilikieleza pia.

Mchana, kando ya mto. Nikapanga mawe matatu ya mafiga kwa ustadi ambao vijana wa siku hizi hawana. Nikaweka sufuria juu, nikajifuta mikono, nikaenda kuokota kuni.

Ndipo nikatazama vizuri. Bonde lote, kutoka mlima huu mpaka ule, halikuwa na mti hata mmoja. Nilikuwa nimeendesha tangu asubuhi nikisifia jinsi unavyoona mbali, wala sikujiuliza kwa nini. Nikashuka mtoni, nikapanda kilima, nikarudi na kijiti kimoja.

Spesi akakigeuza. "Hiki kina msumari. Umeng'oa uzio wa mtu."

"Kilikuwa kimeanguka chenyewe."

"Kirudishe, baba."

Nikakirudisha. Nilipofika, Mama Dina alikuwa amekaa juu ya jiwe anatafuna mkate tulionunua kwenye kituo cha mafuta. Alitafuna taratibu, akitazama yale mafiga yangu matatu. "Huu ni mkate wa kwanza," akasema. Mimi nilisikia meli ya Ssalongo ikipiga honi.

Laugarvatn, jioni, jua bado liko juu, maana kiangazi kule halizami mapema. Hapo kuna ziwa, na ufukoni mvuke unapenya kwenye mchanga mweusi. Tulikuwa tunasimika hema nilipomwona mwanamke mmoja mwenye mvi na buti za mpira akichimba mchanga kwa sepeto. Akatoa sufuria. Akafungua kifuniko, na ndani mkate mweusi, umeiva, unafuka.

Nikaacha kamba ya hema hapohapo. Jina lake Gudrun, na bahati yangu Kiswidi alikijua, aliwahi kufanya kazi ya uuguzi Göteborg.

"Moto uko wapi?" nikamuuliza.

"Umeukanyaga," akasema.

Nikaruka pembeni. Akaniambia mama yake na bibi yake walioka hapohapo: unafukia unga leo, unafukua mkate kesho. Nikamuuliza kama ardhi hiyo inabagua vyakula. Akacheka, akaja kuitazama sufuria yetu, akamuuliza Spesi kuna nini ndani.

"Maharage, kitunguu, chumvi na mafuta kidogo."

"Ardhi hii haijawahi kupewa maharage," Gudrun akasema. "Tuipe."

Akatufundisha kufunga kifuniko kwa plastiki mpaka maji yasipenye. Akachimba, tukashusha, akafukia, akaweka jiwe juu ili tupajue. Mama Dina alisimama mikono kiunoni wakati wote huo.

"Kwetu tunazika mtu," akasema. "Chakula hatujazika."

"Kesho kitafufuka, mama," nikamwambia. Nilisema kwa sauti kubwa, kwa kuwa moyoni sikuwa na hakika hata kidogo.

Asubuhi, ufukoni palepale. Gudrun alikuja na sepeto, na mkate, na siagi. Nilichimba mwenyewe. Spesi akakata plastiki, akainua kifuniko, na ile harufu, ndugu zangu, ilikuwa harufu ya nyumbani Jumapili baada ya ibada. Maharage yameiva mazima, laini, mchuzi mzito. Mama Dina akachota kijiko, akafumba macho. Sote tukangoja.

"Bon," akasema, kisha akamgeukia Gudrun, akamshika mkono. "Mwambieni huyu akae. Hawezi kusimama wakati watu wanakula."

Tukakaa wanne tukizunguka sufuria moja, maharage na mkate wa ardhini, na Gudrun akaomba aongezewe.

Siku zilizobaki zilikuwa sherehe tupu. Geysir, maji yalipochupa angani, Mama Dina alipiga vigelegele hadi watalii Wajapani wakampiga picha yeye wakaacha maji. Kwenye maporomoko ya Gullfoss alilowa toka kilemba mpaka viatu, akakataa kuondoka.

Agosti niliwapeleka akina mama wote kumi na wawili, na sufuria kubwa ya harusi, na kituo cha kwanza kilikuwa kwa Gudrun. Sasa hivi wapangao safari huko huniuliza mimi, na jibu langu ni lilelile: kabla hujauliza kuna nini cha kutazama, uliza mtapikia wapi.

Akalla tena. Ibada ya shukrani ilipokwisha, Mama Dina aliniita mbele ya ukumbi mzima, akanipa zawadi iliyofungwa kwa kitenge kipya. Ssalongo alikuwa mstari wa mbele. Nikafungua. Ndani mlikuwa na gogo moja la kuni, mti wa msituni hapahapa Järva.

"Kwa kiongozi wetu," akasema, "asipungukiwe tena."

Watu walicheka mpaka mchungaji akakaa chini. Gogo hilo liko sebuleni kwangu, juu ya kabati la vioo. Ssalongo kila akija hulitazama, na mimi humwambia ukweli: katika Stockholm nzima ni mtu mmoja tu aliyepewa gogo kama hili.