Shikamoo ya Bi Kalunde

Siku yangu ya kwanza katika wodi ya wagonjwa wa akili, Tabora, Sista Mkuu alinikabidhi kitita cha funguo kabla hata ya kunionyesha mahali pa kunawa mikono. "Binti, kazi ya hapa ni mlango," akasema. "Ukisahau kufunga, utanijua." Nilikuwa nimetoka Igunga, mtoto wa mkulima wa pamba, na nilikuwa mwoga kuliko wagonjwa wote. Nikafunga kila kilichokuwa na komeo.

Ilikuwa miaka ile ya kuhamia vijiji vya Ujamaa. Mwanzoni mwa mwaka wangu wa pili aliletwa Bi Kalunde, mwanamke wa makamo, mama wa watu wazima. Asubuhi nilimwamkia, "Shikamoo mama," naye akajibu, "Marahaba mwanangu," akaniuliza habari za nyumbani. Saa nne, huko nje, lori la kuni likafungwa bodi ya nyuma kwa kishindo. Nilipogeuka, yule mama alikuwa chini ya kitanda, kidole mdomoni. Akanitazama, akasema kwa sauti nyembamba, "Shikamoo mama."

Mtu wa umri wa mama yangu ananiamkia mimi, tena si mzaha! Nilimvuta hadi chumba cha kutulizia, kile chumba kitupu tulichomfungia mgonjwa mpaka apoe, nikatia komeo, nikakimbia.

Ninyi mliosoma siku hizi mnaiita hali hiyo kujitenga kwa nafsi. Mtu aliyeumizwa tena na tena utotoni, sehemu yake moja hubaki kulekule kwenye maumivu, na kelele kidogo tu huirudisha. Sisi tuliandika "histeria" kwenye faili, tukachoma sindano.

Siku tisa zikapita yumo humo, bado ni mtoto. Daktari akaandaa karatasi apelekwe hospitali kubwa ya mbali kwa treni ya Ijumaa. Wagonjwa wetu waliopanda treni ile, sikumbuki hata mmoja aliyerudi.

Jumatano akaja dada yake. Akanieleza kwamba baada ya kufiwa na wazazi walilelewa na mjomba aliyekuwa akimfungia Kalunde ndani ya kihenge, ghala la mtama, kutwa nzima, kwa kosa dogo tu. "Mwaka jana, lori la kutuhamisha lilipofungwa bodi nyuma yetu, ndipo alipoanza. Nesi, mradi tu msimfungie."

Nilimwogopa Sista Mkuu kuliko simba, lakini Ijumaa ilikuwa mlangoni. Nikaenda nikamwambia habari ya kihenge na nilichofanya.

"Nani alikufundisha kufunga?" akauliza.

"Ni wewe, Sista."

"Basi tumemkosea sote wawili. Una kesho tu."

Daktari alikuwa amekataza tusimwitikie. "Mtaulea ugonjwa," alisema. Alhamisi nilifungua mlango wazi kabisa, nikaketi kizingitini, nikihofia atanirukia. Kila aliposema shikamoo nilijibu, "Marahaba mwanangu. Hapa ni hospitali, Tabora. Mjomba hayupo. Mlango uko wazi." Jioni alikuja akaugusa mwimo wa mlango, akarudi pembeni.

Ijumaa asubuhi dereva wa kumpeleka stesheni alisimama nyuma yangu na karatasi mkononi. Nikasema, "Shikamoo mama." Nikasikia dereva akihema.

"Marahaba," Bi Kalunde akajibu. "Mbona umekaa mlangoni kama mwombaji?"

Nililia mbele ya Sista Mkuu, na yeye akamrudisha dereva. Msidhani alipona siku hiyo. Ilichukua miaka ya kwenda na kurudi, na kile chumba tukakifanya stoo ya mablanketi.

Nimestaafu, funguo nimerudisha. Watu wananiita jasiri, nami nawaacha waseme. Kila wiki namtembelea Bi Kalunde kwake Itetemia, mkongwe sasa, na kila nikifika mlangoni moyo hunidunda kama siku ile. Nasema, "Shikamoo mama," kisha nangoja.

Wiki iliyopita alikawia kujibu. Nikausukuma mlango ukawa wazi kabisa, nikaketi kizingitini.